Tovuti nyingi, nyumba moja, anwani isiyotulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina tovuti nne. Zote zinaishi kwenye kompyuta moja kuukuu iliyo chini ya meza yangu, kwenye laini ya kawaida ya intaneti ya nyumbani ambayo anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, hubadilika inapojisikia. Kila nikimsimulia mtu, maswali huwa yaleyale, kwa hiyo nimeyaandikia majibu. Vikoa (majina ya tovuti) vya mifano vinaishia na .example kwa makusudi: kiishio hicho kimetengwa kwa mifano tu, hakuna anayeweza kukisajili.

Anwani yangu ya IP inabadilika. Si lazima kwanza nilipie ya kudumu?

Si lazima. Mgeni wa tovuti yako haji na anwani kichwani, anakuja na jina. Ilimradi jina linaelekeza kwenye anwani ya sasa, hatajua wala hatajali kwamba jana ilikuwa nyingine. Mtoa huduma akikuuzia anwani ya kudumu kwa bei isiyouma, ichukue, utakuwa umepunguza kazi moja. Ila usiahirishe mradi kwa ajili hiyo. Anwani inayobadilika ni kero ya dakika chache kila inapobadilika. Kikwazo chenyewe ni kukosa kabisa anwani ya umma, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Soma swali la tatu kabla hujanunua chochote.

Kwani kwa nini inabadilika?

Anwani za IPv4, mfumo wa zamani ambao ndio tunaouzungumzia hapa, ni takriban bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Watoa huduma huzikodisha kwa muda badala ya kumkabidhi kila mteja yake. Kwenye laini za DHCP, ruta yako hupewa anwani kwa kipindi fulani kisha huomba kuongezewa muda. Kwenye laini za PPPoE, mara nyingi kila muunganisho mpya huja na anwani mpya. Kuna watu hukaa na anwani moja mwaka mzima. Hao ndio huumia zaidi siku inapobadilika, maana hawakujiandaa.

Nitajuaje kama nina anwani ya umma?

Fungua ukurasa wa ruta yako, tafuta sehemu inayoonyesha hali ya WAN, yaani upande wa nje, uiandike anwani iliyopo pale. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako kama inavyoonekana kutoka nje. Zikilingana, endelea na swali linalofuata. Zisipolingana, itazame vizuri ile ya kwenye ruta.

Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: mtoa huduma amewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungu hilo lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ikianza na 10, na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, ni anwani ya ndani. Hapo usimlaumu mtoa huduma haraka. Angalia kwanza kama huna ruta mbili zilizofuatana, kifaa alichokuletea yeye halafu ruta uliyonunua mwenyewe. Hilo unalimaliza kwa kukiweka kifaa chake katika hali ya daraja, ili ruta yako ndiyo ipokee anwani ya nje.

Ukiwa nyuma ya CGNAT, kufungua poti (mlango wenye namba ambao maombi ya nje huingilia) kwenye ruta yako hakusaidii kitu. Ni kama kuacha wazi mlango wa chumba wakati geti la nje lina kufuli na ufunguo anao mwingine. Wiki yangu ya kwanza niliipoteza hivyo, nikibadilisha mipangilio ya ruta ambayo ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mwishowe nilipiga simu kwa mtoa huduma, na baada ya dakika kumi mambo yakawa sawa. Baadhi yao humtoa mteja kwenye CGNAT akiomba, bila kumtoza. Uliza kwa maneno haya: “Naomba anwani ya umma, hata kama inabadilika, sihitaji ya kudumu.” Ukisema tu unataka kuhosti tovuti, utaanza kuuziwa kifurushi cha biashara.

Ukiwa bado kwenye simu, au afadhali kabla hujaipiga, soma mkataba wako. Mingine inakataza kabisa kuendesha seva kwenye laini ya nyumbani.

Tovuti nne, anwani moja, poti moja. Kompyuta inajuaje mgeni anataka ipi?

Inaambiwa na mgeni mwenyewe. Kivinjari kinapoomba ukurasa, hutaja pia jina la tovuti kilichoandikiwa, kwenye mstari unaoitwa Host. Seva inausoma, inatafuta kwenye mipangilio yake, inatoa tovuti husika. Zamani haikuwa hivyo: ombi halikulazimika kutaja jina, na kila tovuti ilihitaji anwani yake. HTTP/1.1, iliyotolewa mwaka 1997, ndiyo iliyoufanya mstari huo kuwa wa lazima. Bila uamuzi huo anwani zingekwisha mapema zaidi, na mimi nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Kwa nginx, programu ya seva ninayoitumia, kila tovuti inapata fungu lake:

```
server {
    listen 80;
    server_name kwaya.example www.kwaya.example;
    root /srv/kwaya;
}

server {
    listen 80;
    server_name picha.example;
    location / {
        proxy_pass http://192.168.1.20:8080;
        proxy_set_header Host $host;
    }
}
```

Fungu la kwanza linatoa faili zilizomo kwenye kompyuta hiyohiyo. La pili linapokea mgeni mlangoni kisha kumpeleka kwenye kompyuta nyingine ya ndani. Hivi ndivyo unavyoweza kuwa na mashine tatu ndani ya nyumba nyuma ya anwani moja: ruta inampeleka kila mgeni kwa programu moja ya mapokezi, nayo inagawa kazi. Usiusahau ule mstari wa proxy_set_header. Bila huo, programu ya upande wa pili haitajua imeitwa kwa jina gani, na utaanza kuona viungo vinavyompeleka mgeni kwenye anwani ya 192.168 ambayo yeye hawezi kuifikia.

Apache, programu nyingine ya seva, inafanya yote haya pia. Caddy inafanya kwa mistari michache kuliko zote mbili na kujitafutia vyeti yenyewe, na mtu anayeanza leo namshauri hiyo. Mimi nimebaki na nginx kwa mazoea tu.

Weka pia fungu la wasiojulikana, yaani wanaokuja kwa namba ya IP tupu au kwa jina ambalo si lako. Usipoliweka, nginx huwapa tovuti ya kwanza kwenye orodha, na ndivyo tovuti yako ya majaribio inavyojikuta kwenye matokeo ya utafutaji. Andika `listen 80 default_server;` na `return 444;`, nginx itakata mawasiliano bila kujibu neno.

Na HTTPS? Si kila cheti kinahitaji IP yake?

Kilihitaji. HTTPS husimba mazungumzo kati ya mgeni na seva, na cheti ndicho kinachothibitisha kwamba seva ni ya jina hilo kweli. Shida ilikuwa kwamba usimbaji huanza kabla seva haijasoma mstari wa Host, kwa hiyo haikujua itoe cheti kipi. Dawa inaitwa SNI, na iliandikwa rasmi mwaka 2003: kivinjari hutaja jina la tovuti mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kabla cheti hakijatolewa. Vivinjari vyote unavyoweza kukutana navyo leo vinaielewa.

Vyeti vyenyewe chukua Let's Encrypt, ni bure. Vya kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo acha programu ivihuishe yenyewe. Kuna njia mbili kuu za kuthibitisha kwamba kikoa ni chako. Ya kwanza inapitia poti 80: wanakuja kusoma faili ndogo kwenye seva yako. Ya pili inapitia DNS, mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani: unaweka rekodi ya TXT, yaani ya maandishi tu, yenye jina linaloanza na `_acme-challenge`. Kwa nyumbani napendelea ya pili, kwa sababu haijali kama seva inafikika wakati huo, na ndiyo pekee itakayokupa cheti cha nyota, kinachofunika majina yote yaliyo hatua moja chini ya kikoa. Tangu 2025 Let's Encrypt wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha, kwa hiyo jiwekee ukaguzi wako.

Na kwenye anwani inayobadilika, HTTPS si pambo. Nitaeleza sababu nikifika kwenye TTL.

Jina linaifuataje anwani?

Kwa DNS inayosasishwa, ambayo wengi huiita DDNS. Programu ndogo nyumbani kwako huuliza kila baada ya muda, “Anwani yetu ya nje ni ipi sasa?” Ikiwa imebadilika, huiambia huduma ya DNS ibadilishe rekodi ya A, ile inayotaja anwani ya jina. Hamna uchawi mwingine.

Programu hiyo inaweza kukaa ndani ya ruta yenyewe, maana nyingi zina sehemu ya DDNS, au kwenye seva. Ya ruta ina faida moja: inajua mara moja anwani inapobadilika. Hasara yake ni kwamba unafungwa na huduma zilizomo kwenye orodha ya mtengenezaji. Kwenye seva, ddclient na inadyn ni za miaka mingi na zinazungumza na huduma nyingi. Upande wa huduma wapo DuckDNS, No-IP, Dynu na deSEC. Na kama kikoa chako kiko kwa mtoa DNS mwenye API (njia ya programu kumpa maagizo moja kwa moja), kama Cloudflare, humhitaji mtu wa kati.

Ukiandika skripti yako mwenyewe, nakusihi jambo moja: ikumbuke anwani ya mwisho iliyotuma, na inyamaze kama haijabadilika. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa inatuma kila dakika, imebadilika haijabadilika. Huduma iliyokuwa ikinijibu `good` ikaanza kujibu `nochg`, kwamba hakuna kilichobadilika, na siku moja ikajibu `abuse` na kunifungia. Walikuwa na haki.

Na tokeni ya API, yaani ufunguo unaotumiwa na skripti, iwe na ruhusa finyu kabisa: kubadilisha rekodi za kikoa hicho tu. Usiweke nenosiri la akaunti nzima ndani ya faili lililoko kwenye seva inayotazama dunia.

Nina vikoa vinne. Nisasishe rekodi nne kila mara?

Unaweza, lakini usijitafutie kazi. Chagua jina moja tu liwe ndilo linalofuata anwani, tuseme `nyumba.kwaya.example`. Hilo pekee ndilo lina rekodi ya A inayosasishwa. Mengine yote yaelekeze kwake kwa CNAME, rekodi inayosema jina hili ni lakabu ya lile:

```
www.kwaya.example.    CNAME   nyumba.kwaya.example.
www.picha.example.    CNAME   nyumba.kwaya.example.
shajara.example.      ???
```

Anwani ikibadilika, unabadilisha mstari mmoja na vikoa vyote vinahama pamoja. Ukiongeza tovuti ya tano, skripti huigusi.

Zile alama za kuuliza ndizo zinazowatoa watu jasho. Kikoa kitupu, bila www wala chochote mbele yake, hakiruhusiwi kuwa na CNAME. Sababu ni kwamba CNAME hairuhusu rekodi nyingine kwenye jina lilelile, na kikoa kitupu lazima kiwe na rekodi za SOA na NS, zinazotaja kinasimamiwa wapi. Sheria hiyo ni ya mwaka 1987 na haitabadilika kwa ajili yetu. Kuna njia tatu za kuizunguka. Tafuta mtoa DNS mwenye rekodi ya ALIAS au ANAME, ambayo yeye mwenyewe huitafsiri kuwa A kabla ya kujibu. Au skripti isasishe rekodi ya A ya kikoa kitupu moja kwa moja kwa API. Au tumia huduma ya kuelekeza upya, impeleke mgeni kutoka kikoa kitupu hadi www. Ila hakikisha huduma hiyo inaelewa HTTPS, maana nyingi za bure hazielewi. Mimi natumia ya kwanza.

TTL niweke ngapi, na tovuti itapotea kwa muda gani?

TTL ni sekunde ambazo seva za DNS za watu wengine zinaruhusiwa kulikumbuka jibu kabla ya kuuliza tena. Kwa jina linalofuata anwani, weka kati ya 60 na 300. Kwa zile CNAME unaweza kuweka hata saa nzima, kwa kuwa hazibadiliki. Kinachobadilika ni rekodi ya A ya jina zinakoelekeza. Skripti ikikagua kila baada ya dakika tano na TTL ikiwa 300, kwa kawaida hasara kubwa ni kama dakika kumi. Tovuti ya kwaya inaweza kuvumilia dakika kumi.

Lakini fikiria nini hutokea ndani ya dakika hizo. Anwani yako ya zamani haiendi kaburini. Inapewa mteja mwingine. Usiku mmoja diski yangu ilijaa, skripti ikashindwa kuandika faili lake la kumbukumbu na kufa kimyakimya, na alfajiri mtoa huduma akabadilisha anwani. Saa mbili asubuhi rafiki akanipigia: “Kaka, hiyo kwaya yenu siku hizi inauza kamera?” Alifungua tovuti, kivinjari kikamwonya kwamba cheti hakilingani, naye kama kawaida ya watu akabofya kuendelea. Akaangukia kwenye ukurasa wa kuingilia kwenye kamera ya ulinzi ya mtu asiyemjua, ambaye sasa alikuwa na anwani yangu ya jana.

Ndiyo sababu nimesema HTTPS si pambo. Lile onyo ndilo pekee lililosimama kati ya mgeni wangu na mashine ya mtu mwingine. Ukiongeza HSTS, yaani kichwa kinachokiambia kivinjari kisikubali tovuti hii bila cheti sahihi, hata kitufe cha kuendelea hakitatokea. Na skripti yako iwe na mtu wa kuiangalia: programu iliyo nje ya nyumba, inayofungua tovuti kila baada ya dakika kadhaa na kukutumia ujumbe ikishindwa. Iliyo ndani ya nyumba haitakusaidia, kwa sababu laini ikikatika inakatika nayo.

Nifungue poti zipi?

80 na 443. Basi.

Kwanza ipe seva anwani ya ndani isiyobadilika, kwa kuifungia kwenye ruta kwa kutumia MAC yake, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Usipofanya hivyo, siku umeme ukirudi vifaa vinaweza kugawiwa anwani upya, na poti 443 ikawa inaelekea kwenye printa. Usitumie kile kipengele cha DMZ kinachotupa kila kitu kwenye kompyuta moja. Ni njia ya mkato inayofungua hata usivyovijua. Zima UPnP, inayoviruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe, kama hakuna kinachoihitaji. Ukurasa wa ruta yenyewe usifikike kutoka nje hata siku moja. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ukiihitaji ukiwa safarini, ipitie kwenye VPN. Na kama lazima uiweke wazi, iwe kwa funguo tu, bila nenosiri.

Mtoa huduma amefunga poti 80. Nimekwama?

Hapana. Pata vyeti kwa njia ya DNS, uendeshe kila kitu kwenye 443. Chrome tangu toleo la 90, la mwaka 2021, hujaribu HTTPS kwanza mtu anapoandika jina tupu. Wachache wenye vivinjari vya zamani watahitaji kuandika https wenyewe. Akifunga na 443, hamia swali linalofuata.

Niko nyuma ya CGNAT na wamekataa kunitoa. Je?

Njia yako ni handaki. Badala ya kungoja wageni waje, seva yako inatoka yenyewe kwenda kwenye mashine iliyo na anwani ya umma, na wageni wanapitia huko. CGNAT huzuia wanaoingia, haizuii wanaotoka.

Unaweza kukodi VPS (seva ya kukodi iliyo kwenye intaneti) ndogo kuliko zote, ukaiunganisha na nyumbani kwa WireGuard, programu ya VPN. Upande wa nyumbani weka `PersistentKeepalive = 25`, ili kila sekunde 25 kitumwe kitu kidogo na njia isifungwe na vifaa vya katikati. VPS inapokea 80 na 443 na kuzisukuma ndani ya handaki. Vyeti na faili vyote vinabaki nyumbani. Hapo ile habari ya anwani inayobadilika inakufa kabisa, kwa kuwa DNS inaelekeza kwenye VPS. Au tumia huduma iliyo tayari kama Cloudflare Tunnel. Ni rahisi kuanza, lakini kumbuka kwamba hapo usimbaji unafunguliwa kwao kabla ya kufika kwako. Kwa tovuti ya picha za ndege sijali. Kwa tovuti yenye taarifa za watu ningejali.

Kuna atakayeuliza: kama nimeshakodi VPS, si niweke tovuti humohumo? Kama ni kurasa nyepesi, ndiyo, weka. Handaki lina maana pale nyumbani ulipo na terabaiti za picha au nguvu ambayo VPS ndogo haina.

IPv6 si inamaliza haya yote?

Nusu yake. IPv6 ni mfumo mpya wenye anwani nyingi mno: kila kompyuta inapata anwani ya umma, CGNAT haihusiki, na kwenye ruta unaruhusu tu badala ya kuelekeza poti. Ila bado kuna wageni wasio na IPv6, na hao hawataiona tovuti yako kamwe. Na usidhani haibadiliki: watoa huduma wengi hubadilisha sehemu ya mbele ya anwani, kwa hiyo rekodi ya AAAA, ambayo ni kama ile ya A ila kwa IPv6, nayo inahitaji skripti. Safari hii skripti itume anwani ya seva yenyewe, si ya ruta.

Tovuti inafunguka kwa watu wa nje, mimi nikiwa nyumbani haifunguki!

Hili huwatia watu wazimu, na hakuna kilichoharibika. Kompyuta yako inauliza jina, inapewa anwani ya nje ya nyumba yako mwenyewe, inaipelekea ruta, na ruta haijui kugeuza ombi lililotoka ndani lirudi ndani. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuruhusu hilo. Zisipokuwa nao, weka DNS ya ndani, kwa mfano dnsmasq au Pi-hole, inayojibu 192.168.1.10 kwa majina yako. Kwa ajili ya majaribio, zima Wi-Fi kwenye simu na utumie data ya mtandao wa simu; hapo ndipo unaiona tovuti kama mgeni anavyoiona.

Kompyuta ya namna gani?

Yoyote inayoweza kuwashwa mwaka mzima bila kukuudhi kwa kelele na bili ya umeme. Laptopu ya zamani ni chaguo ambalo watu hulidharau: ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo haizimi. Raspberry Pi inatosha kwa tovuti kadhaa nyepesi, lakini usiiendeshe kwa kadi ya SD kwa muda mrefu. Kadi huchakazwa na kuandikwaandikwa. Tumia SSD. Na UPS, ukiipata, iilinde ruta pamoja na kifaa cha mtoa huduma, si seva peke yake. Seva inayowaka bila ruta haisaidii mtu.

Kasi yangu inatosha?

Kasi inayotangazwa ni ya kupakua. Wageni wako wanakula ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi ni ndogo mno. Chukua megabiti 10 kwa sekunde: gawa kwa 8, unapata megabaiti 1.25. Ukurasa wenye picha zenye jumla ya megabaiti 2.5 unachukua sekunde mbili kwa mgeni mmoja. Wakija kumi kwa pamoja, ni sekunde ishirini, na mtu sebuleni aliye kwenye simu ya video anakwama. Punguza picha kwanza; mara nyingi hilo tu linatosha. Video weka kwingine.

Wadukuzi watanijuaje, mimi ni nani?

Hawahitaji kukujua. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na kuna programu zinazolisoma usiku na mchana. Tovuti yangu ya nne ilikuwa haijatimiza saa moja tangu ipate cheti, hakuna binadamu niliyemwambia, na kumbukumbu zilikuwa tayari zina maombi ya `/wp-login.php` na `/.env`. Sina WordPress. Walikuwa wanabisha milango yote tu.

Kwa hiyo washa masasisho ya kiotomatiki ya mfumo. Kila tovuti iwe na mtumiaji wake au kontena lake, ili moja ikivunjwa isizamishe nyingine. Seva ikae kwenye mtandao wake ndani ya nyumba kama ruta inaruhusu, mbali na kompyuta za familia. Watu hulikumbuka hili wakati limeshachelewa. Tovuti isiyohitaji hifadhidata, ifanye ya faili tupu. Tatu kati ya nne zangu ni hivyo, na sijawahi kuamka usiku kwa ajili yao. Nakala za akiba ziende nje ya nyumba, na jaribu kuzirejesha angalau mara moja.

Na barua pepe je, niendeshe hapohapo?

Usifanye. Anwani za nyumbani ziko kwenye orodha za kuzuia barua taka kwa sababu tu ni za nyumbani, poti 25 mara nyingi imefungwa, na huwezi kuweka rekodi ya nyuma, ile inayotaja jina la anwani, kwenye anwani usiyoimiliki. Barua zako zitapotea bila hata kukujulisha. Kodi huduma ya barua pepe, uelekeze rekodi za MX, zinazotaja barua zipokelewe wapi, huko. Tovuti zinabaki nyumbani bila shida.

Nimefuata yote na bado haifunguki. Nianzie wapi?

Anzia ndani uende nje, usirukeruke. Kwenye seva yenyewe: `curl -H "Host: kwaya.example" http://127.0.0.1`. Ikijibu, nginx iko sawa. Kisha fanya hivyohivyo kutoka kompyuta nyingine ya ndani, kwa anwani ya 192.168, ikikwama hapo, ni ukuta wa moto wa seva. Kisha uliza DNS kwa `dig nyumba.kwaya.example`, ulinganishe jibu na anwani iliyo kwenye ruta. Zikitofautiana, kasome kumbukumbu za skripti. Zikilingana, toka nje kwa data ya simu. Ikikataa hapo tu, ni poti au CGNAT, na unarudi kwenye swali la tatu.

Na kabla ya hayo yote, andika `df -h` uone kama diski haijajaa.